Namba Tisa Zilizoanguka kwenye Beseni

Wifi yangu aliyaosha kwa ndimu na sabuni ya unga. Wageni wa kumaliza matanga walikuwa njiani, nyumba ya Baba pale Likasi, mji wa migodi ya shaba huko Katanga, kusini mwa Kongo, ilikuwa haijaguswa kwa miezi miwili, na mawe kumi na mawili yaliyokaa juu ya kabati la vyombo sebuleni yalikuwa yamefunikwa na lile vumbi jekundu ambalo kila mtu wa Katanga analijua. Akakamua ndimu kwenye beseni la maji ya moto, akayalaza mawe humo, akaenda kufuta madirisha. Aliporudi, maji yalikuwa yanatoa vipovu na juu yake vinaelea vidoa vyeupe, vidogo kama punje za mchele. Akafurahi kwamba uchafu unatoka. Akamwaga maji mtaroni.

Vile vidoa vilikuwa namba za Baba. Kila jiwe lililoingia nyumbani alilipaka tone la rangi nyeupe ya mafuta upande wa chini. Likikauka anaandika namba kwa wino mweusi, ncha nyembamba, kisha anapitisha juu yake rangi ya kucha ya Mama, ile inayong'aa tu bila rangi, ili maji na vidole visifute maandishi. Namba inakupeleka kwenye daftari, na daftari linakuambia jiwe lilitoka shimo gani, mwaka gani, na lilipita mkononi mwa nani. Rangi yenyewe ndimu haikuigusa. Ilichokula ni jiwe lililokuwa chini ya rangi. Malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, ni kabonati, na kalsiti, madini ya chokaa, nayo ni kabonati. Ukizitia tindikali, hata hii ya matunda, zinaanza kuyeyuka kwa juu, na kidoa kilichoshika ngozi ya jiwe kinaondoka na ngozi hiyo. Mawe matatu yalibaki na namba kwa sababu Baba alikuwa ameziandika kwenye sehemu yenye kwazi, ambayo ndimu haiiwezi. Tisa yakabaki bila jina.

Mimi nilifika wiki mbili baadaye, kutoka Mbeya. Nilikosa mazishi na nikakosa matanga kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa imekwisha muda. Wifi alinipokea kwa kilio, na katikati ya kilio akaniambia habari ya beseni kabla hata sijakaa. Nilimkumbatia. Angejuaje? Naandika haya kwa ruhusa yake, tena yeye ndiye aliyesema niandike, ili mtu mwingine aliyeachiwa mawe na mzee wake asiyatie ndimu, wala siki, wala jiki. Maji ya uvuguvugu, mswaki laini, kitambaa cha pamba, halafu yakauke kivulini. Na kabla ya kulowesha chochote, ligeuze jiwe uangalie kama lina maandishi chini.

Baba alikuwa fundi umeme wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Kazi yake ilikuwa pampu na mota, na kwa kuwa kila shimo lina maji na kila maji yanataka pampu, alizunguka: leo Kambove, mwezi ujao Kakanda, halafu Kolwezi wiki tatu mfululizo. Hakuwa mwanajiolojia. Lakini waliokuwa wanajiolojia walimzoea, wakawa wanamwonyesha, na yeye alikuwa mtu wa kuuliza. Jiwe la kwanza aliliandika hivi: "1. Malakiti. Kambove. 1976." Ni jiwe baya, wacha niseme ukweli, kipande cha mwamba wa kahawia chenye utando wa kijani upande mmoja, kama ukungu wa mkate. Hakulitupa hata alipokuja kupata mazuri mara mia.

Yote yalikuwa 64. Kumi na mawili juu ya kabati, mengine chini ya kitanda kwenye trei za mayai, zile za karatasi, kila jiwe na tundu lake na pamba kidogo chini yake. Yaliyozidi ukubwa wa yai yalikuwa ndani ya makopo ya maziwa ya unga.

Mwaka 1993, maisha yalipokuwa magumu kwa karibu kila nyumba mtaani kwetu, Mama aliuza cherehani yake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi leo ni fundi cherehani, nilijifunza kukanyaga pedali kwenye mashine ile ile, kwa hiyo kuondoka kwake sikukusahau. Na sikusahau kwamba mawe yalibaki chini ya kitanda. Mama alilisema mara moja tu, mezani, na Baba hakujibu. Nilikua nikiamini kwamba katika nyumba yetu aliyetoa ni mmoja. Safari hii, nikifuata namba moja baada ya nyingine kwenye daftari, nikakuta chini ya namba 38 maneno ambayo hayahusu jiwe: "Leo Mama wa watoto ameuza cherehani. Mimi nimeuza saa na baiskeli. Jiwe hakuna anayenunua." Nilifunga daftari, nikatoka nje, nikakaa kibarazani mpaka giza likaingia.

Basi kesho yake nikaanza kazi. Niliweka meza chini ya dirisha, nikatandaza shuka jeupe, nikapanga yale tisa. Upande wa kulia daftari. Nilikuwa na lenzi ya Baba ya kukuza mara kumi, futi kamba yangu ya ushonaji, sindano, na bakuli la maji. Mawe manne yalikuwa malakiti, matatu yalikuwa ya waridi, moja la bluu, na moja jeupe lenye vipande vya chuma ndani.

Nieleze kidogo kwa asiyeijua Katanga. Shaba ya chini kabisa imefungana na salfa na haina uzuri wa kumshangaza mtu. Maji ya mvua yanaposhuka yakiwa na hewa, yanaifungua ile shaba, yanaibeba, na yanapopita kwenye dolomiti, mwamba ambao ndani yake kuna kabonati tele, shaba inatulia upya kwa rangi. Hapo ndipo malakiti inazaliwa, tabaka juu ya tabaka, kama chokaa inavyojijenga ndani ya birika. Kwa hiyo kijani kiko juu, karibu na jua, na ndiyo maana watu wa kale hawakuhitaji kuchimba sana. Vilima vyenye shaba walivitambua kwa sababu havina miti: udongo wake ni sumu kwa miti, vinaota majani na maua machache tu yanayoistahimili shaba. Walichoma malakiti kwa mkaa wakapata shaba, wakaimimina kwenye vikalibu vya umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatembea kama fedha mbali sana na huku. Waliofanya kazi hiyo waliitwa walaji wa shaba. Malakiti safi ina shaba zaidi ya nusu ya uzito wake, yaani jiwe lile lile ambalo leo mtu analiweka kabatini kwa uzuri, lilikuwa mtaji wa ukoo mzima.

Lile la bluu lilikuwa rahisi. Bluu iliyokolea kama wino wa kalamu, vijipande vya fuwele vidogo vilivyojaa juu ya mwamba, vikimeta ukivigeuza kwenye mwanga. Daftari lina mawe mawili tu ya bluu, na la pili limo kwenye chupa, nitalifikia. Kwa hiyo hili ni namba 6: "Kornetiti. Étoile." Mgodi wa Étoile uko nje kidogo ya Lubumbashi, wenyeji waliuita Kalukuluku kabla Wabelgiji hawajaupa jina la nyota. Hapo ndipo Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilipoanzia, na mwaka 1911 shaba yake ikayeyushwa kwa mara ya kwanza katika tanuri la Lubumbashi. Kornetiti ni fosfati ya shaba, ilitambuliwa kwanza kutoka Étoile hiyo hiyo, na jina lake ni la Jules Cornet, mwanajiolojia aliyepita Katanga mwaka 1892. Ndimu haikuiumiza sana. Mwamba wa chini ndio uliotafunwa.

Lile jeupe nalo halikunisumbua. Ni kalsiti, na ndani yake zimejikita fuwele za rangi ya fedha, zenye nyuso bapa zinazong'aa kama kijiko kipya. Ni karoliti, shaba na kobalti na salfa kwa pamoja. Jina limetoka kwa wilaya moja ya Marekani ambako ilielezwa kwanza, lakini fuwele zake nzuri kuliko zote duniani zimetoka Kamoya, karibu na Kambove, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwa Baba. Kwenye daftari kuna karoliti moja tu, namba 41. Hapa ndimu ilifanya jambo la ajabu: ilikula kalsiti kidogo kuzizunguka zile fuwele, zikawa zimeinuka zaidi ya zamani. Kaka yangu akasema limependeza. Sikubishana naye, ila nimeandika kwenye daftari kwamba limekula ndimu na tarehe yake, kwa sababu atakayelishika baada yetu anastahili kujua kwamba si ardhi iliyofanya vile.

Yale matatu ya waridi yalinichukua siku nne.

Ni kalsiti ya kawaida ambayo kobalti imeingia ndani yake, na kobalti ndiyo inayoipa rangi. Ukiitazama kwa lenzi, ni kama sukari guru iliyopakwa rangi ya harusi. Fuwele ndogo ndogo zenye ncha butu zimebebana, na katikati yake kumezama vishungi vya malakiti, kijani kwenye waridi, rangi ambazo mteja akiniletea kwenye kitambaa kimoja nitamuuliza mara mbili kama ana uhakika. Daftari lina mawe matano ya namna hii. Mawili yalikuwa kwenye trei na namba zao. Matatu yaliyobaki, kwa mujibu wa daftari, ni 19 kutoka Mashamba Magharibi, Kolwezi. 22 kutoka Kakanda. Na 45 kutoka Musonoi, Kolwezi pia. Lipi ni lipi?

Baba hakuandika rangi kwa majina ya vitabuni. Namba 19 ameandika "kama bogenvilia". Namba 22, "kama ulimi wa mbuzi". Namba 45, "kama maji ya rozela siku ya pili". Nilicheka peke yangu kwa upendo, kwa sababu hivyo ndivyo Mama alivyokuwa akiwaelekeza wauza nyuzi sokoni. Tatizo ni kwamba ndimu ilikuwa imeyachuna yote matatu juu. Badala ya kumeta yalikuwa yamefifia, kama kioo kilichosuguliwa kwa mchanga, na rangi zote tatu zilikaribiana. Nilihangaika siku nzima. Jioni nikilinawisha moja vumbi, nikaona pale lilipolowa rangi yake imerudi. Kumbe uso uliochunwa unatawanya mwanga, na tone la maji linaulainisha kwa muda. Nikachovya kidole kwenye bakuli nikalowesha jiwe moja moja, nikaenda nayo dirishani saa sita mchana. Bogenvilia ilijionyesha yenyewe. Mengine mawili bado yalinichanganya, ulimi na rozela, na urefu wao kwenye futi kamba ulipishana kwa nusu sentimita tu.

Nikamwita rafiki wa Baba. Walifanya kazi pamoja Kolwezi, yeye upande wa uchimbaji, sasa anatembea kwa fimbo na sikio moja halisikii vizuri. Alikaa, akaomba chai, akayatazama mawe kwa muda mrefu bila kuyagusa. Halafu akanyoosha kidole kwa moja.

"Mwana yangu, hii libwe haina ya Kakanda. Iko ya Musonoi."

Kwa Kiswahili cha Katanga alikuwa akisema jiwe hili si la Kakanda, ni la Musonoi. Nikamuuliza amejuaje.

"Angaria hapa pembeni. Mimi njo nilivunja."

Kweli, kona moja ilikuwa imekatika bapa. Akasimulia: wao wawili, mapumziko ya mchana, nyundo ya kuazima, Baba akimsihi apige taratibu, na yeye akapiga kwa nguvu, na kona ikaruka ikapotea kwenye kifusi. Wakatafuta mpaka king'ora cha kurudi kazini kikalia. Nikafungua ukurasa wa namba 45. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "kona imevunjika, tumeitafuta." Nilipomsomea alinyamaza, akavua kofia, akaishika mapajani. Nilimwongezea chai.

Ni yeye pia aliyetuokoa na jambo ambalo sikulijua kuwa ni jambo. Nilikuwa nikihakiki trei, namba kwa namba, na 27 haikuwepo. Daftari lilisema: "27. Musonoi. Kijani, majani ya mraba. NJE." Neno la mwisho limepigiwa mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Nikamuuliza mzee, nje nini? Akaweka kikombe chini. Akauliza wapi kulikuwa na kopo lililokuwa likikaa kwenye banda la nyuma. Kaka yangu alipokuwa akisafisha banda kwa ajili ya wageni alilikuta kopo la maziwa lenye jiwe zuri la kijani ndani ya pamba, akaona halifai kukaa na majembe, akaliingiza ndani, chini ya kitanda cha mtoto wake wa mwisho.

Ilikuwa torberniti. Fuwele zake ni vibapa vya mraba, vyembamba kama karatasi, kijani cha jani changa la mgomba, na kwa uzuri huenda lilikuwa la kwanza katika nyumba ile. Lakini torberniti ni shaba na urani kwa pamoja. Inatoa mionzi, na inatoa gesi isiyonusika inayokusanyika kwenye chumba kilichofungwa. Kwa mtu mzima anayelitazama dakika tano na kunawa mikono si habari ya kuogopesha. Kwa mtoto anayelala juu yake usiku kucha, kila siku, si mahali pake kabisa. Likarudi bandani jioni ile ile, kwenye kopo lake, juu karibu na tundu la hewa. Kaka ameandika kwa rangi juu ya kopo, herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kifaransa. Usilivunje jiwe la namna hiyo, usilisugue, usilipulize vumbi, usile chakula nalo meza moja.

Nasema haya kwa wote wanaonunua mawe ya Kolwezi barabarani kwa kupendezwa na kijani. Si kila kijani ni malakiti. Tunakaa kilomita 20 hivi kutoka Shinkolobwe, shimo lililotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, na bado tunaokota mawe tukidhani hatari yake ni kutuangukia mguuni tu. Malakiti ina mikanda au uso wa mviringo kama zabibu zilizobanana, na ukiikwaruza kwenye mgongo wa kigae kisichopakwa inaacha mstari wa kijani hafifu. Ukiona vibapa vya mraba, au sindano za kijani nyembamba kama nywele, muulize anayejua kabla hujaliingiza chumbani.

Yalibaki malakiti manne, na hapo ndipo pagumu, maana malakiti iko kila shimo la Katanga. Daftari lina malakiti 17. Kumi na tatu zilikuwa na namba zake. Moja ilijitambulisha kwa umbo: vijiti vitatu vilivyosimama kama vidole, na Baba alikuwa amechora vidole hivyo pembeni mwa ukurasa. Ya pili ni ile iliyopasuka nusu, ninayoipenda kuliko zote. Kwa nje ni nyeusi inayoelekea kijani, uvimbe uvimbe kama figo. Geuza upande uliopasuka. Kutoka katikati inatoka mikanda, mwembamba wa kijani kilichofifia kama ganda la njegere, halafu mnene unaokaribia weusi, halafu mwingine kama jani la chai, na ukisogeza lenzi unaona kila mkanda umefumwa kwa nyuzi nyembamba zinazotazama nje, zinazoshika mwanga kama velveti inavyoshika ukiisugua kinyume. Baba alikuwa ameihesabu. "Mikanda 31." Nilihesabu mara tatu, ikatoka 31, na hiyo ni namba 14, kutoka Kolwezi.

Mbili hazikupatikana. Ama ni 12 na 33, ama ni 33 na 12. Moja ya Kambove, moja ya Kakanda, na Baba kwa zote mbili aliandika tu "nzuri".

Katika wiki ya tatu alikuja mnunuzi, mtu mwenye adabu, anayepeleka mawe kwenye maonyesho ya Sainte-Marie-aux-Mines kule Ufaransa na Tucson kule Marekani. Aliyatazama yote kwa saa mbili, akiyashika kwa ncha za vidole. Kabla ya kutaja bei aliuliza kama daftari lipo. Alipolisoma akalirudia mara ya pili. Kwa yale yenye namba alitaja fedha ambayo kaka yangu ilimbidi akae chini. Kwa zile malakiti mbili alisema, "Hizi wapeni wachongaji." Si kwamba ni mbaya kuliko nyingine. Ni kwamba hakuna anayeweza kusema zimetoka wapi, na mtunza mawe haweki kabatini kitu kisichokuwa na kwao.

Hatukumuuzia. Si kwa kiburi. Kaka ana ada za shule kama kila mtu, na tumekubaliana kwamba siku ikibidi tutauza, tutauza moja moja na nakala ya ukurasa wake. Na sisemi neno baya kuhusu wachongaji. Nilikwenda kwa mmoja pale Likasi, anatengeneza mayai, misalaba, shanga na visahani vya majivu, anakata kwa maji yanayotiririka na kitambaa puani kwa sababu vumbi la malakiti ni sumu. Mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka kwenye kucha. Alinionyesha jinsi anavyoligeuza jiwe kabla ya kukata ili mikanda itokee kama macho. Ni ufundi, nami fundi namheshimu fundi. Ila nilimwomba kitu kimoja: akipata jiwe ambalo ardhi yenyewe imelimaliza, lenye fuwele zilizosimama, alitenge asilikate, na amuulize aliyemletea amelitoa shimo gani, aandike. Akasema karatasi hupotea. Nikampa kichupa cha rangi ya kucha.

Sikuvuka mpaka na jiwe hata moja. Madini yana hati zake na mimi sikutaka kuyapeleka mawe ya Baba kama mtu anayeficha kitu. Nimepiga picha kila ukurasa wa daftari kwa simu, na mawe yamebaki kwa kaka yangu, kwenye trei mpya. Wifi ndiye aliyeandika namba upya kwenye mawe saba tuliyoyatambua. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Alipaka tone la rangi, akangoja likauke, akaandika, akapitisha rangi ya kucha, na kila alipomaliza moja alilipuliza kwa mdomo kama mtoto anayepoza uji.

Zile malakiti mbili tumezipa karatasi inayosema "Katanga. 12 au 33." Tumeiga kwa Baba mwenyewe. Jiwe lake la mwisho, namba 64, limo ndani ya chupa ya vidonge, kwenye pamba, kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, bluu ya anga la saa tatu asubuhi. Aliliokota kwenye kifusi cha mgodi wa zamani wa Likasi baada ya kustaafu. Kutoka mgodi huo yalitambuliwa madini mawili ya bluu ambayo ndani yake shaba imeungana na naitreti, jambo ambalo hutokea kwa nadra: moja mwaka 1925, likapewa jina la Buttgenbach, mtaalamu wa Ubelgiji, na jingine mwaka 1955, likapewa jina la mji wetu, likasiti. Baba alijua habari hizo. Angeweza kuandika jina hilo, akamwambia kila mgeni kwamba ana jiwe lenye jina la Likasi, na nani angembishia? Kwenye ukurasa wa mwisho ameandika "64. Likasi. Likasiti", na mbele yake akaweka alama ya kuuliza, kubwa, imekolezwa kwa kalamu mara mbili. Wifi aliniuliza kama tuifute tuandike vizuri. Tumeiacha kama ilivyo.